Muktadha wa Dondoo, Alama Nne

Thelathini na moja kwa themanini, Mbodze.
Mwalimu Nyevu aliandika kwa wino mwekundu,
kisha pembeni, kwa herufi ndogo:
*Umesimulia. Hukuulizwa usimulie.*

Na kweli hadithi nilikuwa nayo yote,
nani kamwoa nani, nani kafa sura ya tisa,
ningekusimulia toka Maweni hadi Barani
bila kumeza mate.
Bado, thelathini na moja.

Nikaanza upya, na penseli.
Mama akisugua sufuria mkahawani kwa Mtaliano,
akirudi usiku na maboksi ya pizza yasiyo na pizza,
ya kuwashia jiko.
Nikayapokonya motoni.
Kifuniko kimoja, mhusika mmoja:
jina katikati, palipobaki duara la mafuta,
sifa huku, ushahidi kule,
ukurasa chini kabisa.
Sifa isiyo na ushahidi niliifuta. Ni umbea tu.
Yule tapeli wa tamthilia alinukia jibini
hadi siku ya mtihani.

Maudhui niliyabandika ukutani kwa uji mzito.
Panya wakala ufisadi, wakayaacha mapenzi.
Nikauandika ufisadi tena, safari hii bila kutazama kitabu,
na ndio uliokaa kichwani kuliko yote.
Sina deni na panya wale.

Ushairi niliuogopa.
Foleni ya kinu cha kusaga kule Muyeye,
debe miguuni, nahesabu mizani kwa vidole,
mpaka nikaona heri nitunge wangu:

    Foleni haina mwisho, na kinu chavuma sana,
    Unga umenipa jasho, kope zote zashikana,
    Mtihani ndio kesho, na vina vinapishana,
    Nane huku, nane kule, debe lipo, zamu sina.

"Wewe, songa!" akafoka mama wa nyuma yangu.
Mizani nne, nikajibu moyoni,
nikasonga.

Lakini swali la dondoo ndilo lililonishinda.
Nani anasema. Anamwambia nani.
Wakiwa wapi. Kwa sababu gani.
Nikajizoesha kwa maneno ya watu njiani.
"Chenji hii si yangu": muuza viazi karai, kwa utingo,
kando ya stendi, kwa sababu noti ina mkanda wa gundi.
"Funga bomba!": jirani, kwa wanawe,
uani, kwa sababu maji huja Jumanne tu.
Nne kwa nne. Nikaanza kujivuna.

Usiku mmoja, ukutani, sauti:
"Nauli ipo?"

Nani: Mama.
Kwa nani: Ngumbao, kaka yangu.
Wapi: chumba cha pili, taa imezimwa, begi limefungwa.
Kwa sababu gani:
*anamfukuza.*

Nikaandika hivyo, Mbodze, gizani, kwa hasira.
Kisha nikakumbuka lile neno la Mwalimu Nyevu,
kwamba wengi wetu hatulisomi dondoo,
twasoma tulichokitarajia.
Nikarudia. Nauli ipo.
Maneno mawili tu, na kati yake
Mama alivuta pumzi.
Nikasikia noti ikikunjwa, ikikunjwa tena,
mpaka ikawa ndogo ya kuficha kiganjani.
Nikafuta. Nikaandika:
*anauliza nauli kwa sababu hawezi kuuliza
utarudi lini.*

Hakuna aliyenisahihishia jibu lile.

Sasa waja kwangu na daftari jipya, wataka siri.
Maboksi haya hapa, kumi na manne,
usiyaweke karibu na jiko.
Kitabu kisome mara ya kwanza kwa raha zako,
mara ya pili ukigombana nacho.
Ukiulizwa "jadili", jadili.
Na ukishaandika jibu, jiulize umelisikia wapi:
kitabuni, au kwa jirani yako wa dawati.

Kile cha juu kabatini niachie.
Hakitoki mtihanini.
Jina: Ngumbao.
Sifa: mkimya, mwepesi wa kucheka, hapendi kuagwa.
Ushahidi: ninao.
Ukurasa: